Nafasi ya Mchi wa Pili

Ng'oo!

Mmeisikia? Sauti moja tu, usiku, kutoka kwenye mawe ya mlimani. Si ya mnyama, si ya ndege. Ni ya mti uliogongwa mara moja, kisha kimya. Aliyeshtuka atulie, aliyesinzia aamshwe na jirani yake, maana hadithi inaanzia hapo hapo. Haya, niitikieni.

Kinu!

— Mchi!

Kinu bila mchi?

— Shimo!

Mchi bila kinu?

— Gogo!

Na hadithi bila masikio?

— Kelele!

Basi tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, zamani za babu wa babu zetu, wakati wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, paliishi Pimbi mmoja kwenye mawe hayo. Mnamjua Pimbi? Ana masikio madogo, ana meno mawili marefu ya mbele, na mkia hana. Ukimwona ameota jua utadhani ni kiazi kilichoota manyoya. Alikuwa na mke na watoto watatu, na huyo mke alikuwa na mdomo.

Sauti ile ilipolia, Ng'oo!, watoto wote watatu waliamka wakaanza kulia.

"Baba Watatu," mke akasema, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Jana ulisikia, juzi ulisikia. Kusikia kwako kumewalaza watoto? Wewe ni mume au ni jiwe lenye masharubu?"

Pimbi akajifuta uso. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtiririka. Kila sauti ile ilipolia aliukumbuka mkia wake, na mkia wenyewe hakuwahi kuwa nao.

Wala hakuwa peke yake. Ng'oo! Simba akamkumbuka mama yake, akalala chali akilia kama mtoto, na swala wakapita mbele yake wakimpa pole. Ng'oo! Kobe akamkumbuka rafiki aliyemwacha njiani miaka sabini iliyopita, akageuka kumfuata. Ng'oo! Fisi akaukumbuka mfupa aliogawana na mwenzake mwaka wa njaa, akajuta kwa nini aligawana, kisha akajuta kwa nini alijuta.

Sauti moja, na mlima mzima unapenga kamasi.

Aliyekuwa akiipiga ni kijana mmoja, mtu kama sisi. Mnaniuliza jina lake? Aa, silitaji. Msinikodolee macho! Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe hajalitaja. Mimi ni nani hata nimtangulie? Tumwite Nanii, kama walivyomwita kwao.

Kwao palikuwa pale chini ya mlima, kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba. Humo aliishi na mama yake, mjane. Mama na mwana walikuwa wakitwanga pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Mama, tu! Mwana, tu! Mama, tu! Mwana, tu! Vijana wenzake walimcheka: "Mwanamume anatwanga! Kesho atasukwa nywele!" Hakuwajali. Alikuwa anaupenda ule mlio kuliko alivyoupenda ugali wenyewe.

Tena walikuwa na wimbo wao wa kutwangia, na katika wimbo huo waliitana majina ili mikono ijue zamu ni ya nani. Kwa sababu michi miwili isiyojuana hugongana, na ikigongana hupasua kinu.

Mchi wa mama ulikuwa wa mninga. Marehemu mume wake aliuchonga kwa mkono wake siku aliyomwoa. Ukigonga kinu, ulikuwa unaimba. Nanii aliusikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Basi siku moja mama yake alipokwenda kisimani, wazo likamjia kijana: ndani ya mchi huu mna marimba, inangoja kutolewa.

Akachukua shoka.

Naona wenye akili mmeshashika vichwa.

Akaupasua mchi vibao saba, akavichonga, akavipanga juu ya vibuyu, akakaa mlangoni na tabasamu lake, akimngoja mama yake aje ampigie.

Mama akarudi na mtungi kichwani. Akaona shoka. Akaona vibao. Mtungi ukaanguka, pwaa!

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Nisikilize nini? Umempasua baba yako!"

Akavitupa vibao motoni. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Cha saba Nanii alikikumbatia akakimbia nacho. Mama akasimama mlangoni, akapaza sauti kijiji kizima kikasikia:

"Aliyepasua mchi huu, jina lake halimo tena kinywani mwangu!"

Lo! Angempiga hata makofi ingekuwa afadhali. Maana kijiji kile kilikuwa na mila yake. Jina la mtoto hutolewa na mtoa majina, lakini anayelipokea ni mama. Mama akilifunga, hakuna mwingine wa kulifungua. Jirani hawezi, mjomba hawezi, hata mwenye jina hawezi. Langoni mtu huulizwa, "Nani?" Asiye na jina hajibu, na asiyejibu haingii.

Tena jina likikaa mavuno matatu bila kuitwa, hupewa mtoto mchanga. Mtoa majina wa wakati huo alikuwa bibi kizee mmoja, Bi Semeni, mwenye ugoro puani na haraka miguuni. "Jina si kibuyu cha kutundikwa ukutani," alikuwa akisema. "Kama hulitumii, mpe mwenzio." Na likishapewa mwingine, mwenyewe wa kwanza anabaki mgeni mpaka kaburini.

Na mama naye? Ulimi wake ulimrudia. Zamani aliitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe, kama mama yeyote. Sasa jina halitajwi, ataitwaje? Watu walifika mlangoni wakakwama. "Hodi, Mama... Mama... eeh..." Likabaki hilo hilo: Mama Eeh. Watoto wakipita, "Shikamoo, Mama Eeh!" Anaitikia, "Marahaba," na kitu kinamchoma chini ya ziwa la kushoto. Lakini jina halitoki.

Mavuno ya kwanza yakapita. Ya pili yakapita. Ya tatu uwele ukavunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani. Na jirani yake, dada mmoja aitwaye Sikudhani, akajifungua mtoto wa kiume. Bi Semeni akatangaza: siku ya tatu asubuhi, mtoto huyu atapewa jina lile.

Habari ikapanda mlimani kwa midomo ya ndege. Nanii alipoipata alikishika kibao chake akakigonga mara moja. Hiyo ndiyo Ng'oo mliyoisikia.

Kulipokucha wanyama wakakutana kwenye jiwe bapa, macho mekundu wote.

"Tumle," Fisi akasema. "Aliyeliwa hapigi marimba."

"Si ulikwenda kumla juzi?" Kanga akamwuliza.

"Nilikwenda. Nikafungua kinywa. Akapiga Ng'oo. Nikashtukia nimemwegemea begani namsimulia habari za marehemu shangazi yangu."

Wanyama wakacheka, hata Simba, ingawa kwa kwikwi.

"Basi arudi kwao," Simba akasema.

"Ataingiaje bila jina?"

"Mama yake alitaje."

"Atalitajaje, na moyo ameufunga?"

Kanga akakung'uta mabawa. "Jamani, sisi wenye kucha na meno tumelizwa na kibao kimoja. Huyo mama ana kucha gani? Apelekewe muziki. Moyo utafunguka wenyewe."

"Nitakwenda mimi," Fisi akasema. "Hakuna msiba katika nchi hii nisioujua."

"Tunajua unavyoijua misiba," Kanga akasema.

Pimbi akasimama. "Nami nilikuwa na neno..."

"Nani huyo anayesema amekaa?" Fisi akauliza.

"Nimesimama."

"Ah! Wewe kiazi, asiye na mkia hatuwezi kujua amesimama au amekaa. Keti, wenye sauti waimbe."

Pimbi akaketi. Alipofika nyumbani mke wake alikuwa akimsubiri mlangoni. "Nenda nao, Baba Watatu. Huimbi, sawa. Lakini masikio unayo. Usirudi bila usingizi wa watoto wangu."

Pimbi akaenda. Akapenya chini ya miiba, akajificha ndani ya rundo la pumba nyuma ya jiko la Mama Eeh, pua tu nje.

Siku ya kwanza akaja Fisi. Alisimama nje ya ua, akainua shingo, akaimba wimbo wa kilio, mrefu, wa taratibu, unaopanda kidogo na kushuka sana:

*Uuuu-wi, waliotangulia,*
*Uuuu-wi, nani awafikie?*

Kijiji kizima kikaacha kazi. Mzee mmoja akamlilia mkewe. Msichana mmoja akamlilia mbuzi wake aliyeumwa na nyoka. Bi Semeni akayalilia meno yake, moja moja, kila moja na pahali lilipong'okea. Na Mama Eeh? Mama Eeh alilia kuliko wote. Pimbi akatoa kichwa kwenye pumba. Sasa! Sasa atalitaja!

"Mume wangu!" Mama Eeh akalia. "Mama yangu mzazi! Dada yangu!"

Akawalilia wafu wake wote, kwa majina yao na ya baba zao. Kisha akanawa uso, akahisi mwepesi, akaingia ndani kusonga ugali.

Jina halikutoka.

"Si mlimwona alivyolia?" Fisi akajitetea alipofika mlimani.

"Tulimwona," akasema Pimbi, aliyekuwa amemfuata nyuma. "Lakini kilio ulichompelekea kilikuwa cha wafu. Mwanawe ni mzima."

"Nani huyo anasema amekaa?" Fisi akafoka.

Siku ya pili akaja Kanga, na dada zake, na binamu zake, na mashemeji wote hata usiowajua. Wakajipanga nje ya ua, wakapiga miguu, wakapiga mabawa, kwa mlio wa mbio mbio:

*Cheka-cheka-cheka-cheka!*
*Aliyenuna ametoka!*

Uuwi! Nani angekaa? Sikudhani alitoka na mtoto mgongoni, mabega yanaruka. Waliokuwa wamegombana jana walishikana viuno. Bi Semeni akaitupa fimbo, akacheza mpaka ugoro ukamwagika. Na Mama Eeh? Alicheza hata kitambaa cha kichwa kikadondoka, akakiokota akicheza, kikadondoka tena akakiacha. Alicheka. Mavuno matatu hakuwa amecheka hivyo. Pimbi akatoa kichwa kwenye pumba. Sasa! Sasa atalitaja!

Mama Eeh akafuta jasho. "Ama kweli leo tumecheza!" akasema, akanywa maji kata mbili.

Jina halikutoka. Furaha haikukumbuka kuuliza nani hayupo. Na Kanga mwenyewe hakukumbuka alichotumwa. Aliona uwele umemwagika uani, akabaki akidonoa yeye na mashemeji.

Pimbi akashuka moyo ndani ya rundo lake. Ilibaki siku moja. Alikuwa anajiuliza atamwambia nini mke wake, ndipo jioni hiyo wanawake wakaanza kutwanga.

Kila ua ulikuwa na mlio wake. Penye wanawake wawili, tu-tu! tu-tu! Penye mmoja, tu! tu! tu! tu!, upesi upesi, apate kumaliza. Lakini kwa Mama Eeh...

Tu!

Kimya.

Tu!

Kimya.

Tu!

"Mama Eeh!" Sikudhani akaita kutoka upande wa pili, akicheka. "Unatwanga au unasinzia?"

"Mikono imezoea hivi, mwanangu."

"Utamaliza kesho kutwa!"

Pimbi akafumba macho akasikiliza. Akausikiliza ule ukimya kati ya tu na tu. Haukuwa ukimya wa uchovu. Mtu aliyechoka hukawia leo zaidi ya jana, hukawia huku akapunguza kule. Huu ulikuwa na kipimo. Ulikuwa sawa kila mara, kama kiti kilichofutwa vumbi kila siku kwa ajili ya mtu.

Manyoya yakamsimama. Alikimbia mpaka mlimani bila kuvuta pumzi.

"Nanii," akamwambia kijana, "kwa nini unapiga mara moja halafu unanyamaza?"

Nanii akatazama kibao chake. "Naacha nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mchi wa mama. Mimi napiga wangu, halafu nangoja wake. Haulii. Nikingoja sana nalala."

Pimbi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Niazime kibao."

"Nikuazime? Hiki ndicho nilichobaki nacho duniani."

"Kijana, mimi sina mkia. Kupoteza nakujua. Niazime kibao, na kesho asubuhi usimame nje ya lango. Ukiulizwa 'Nani?', usijibu. Ngoja ujibiwe."

Kesho yake ikawa siku yenyewe. Mila ilitaka mama anayeliachia jina atwange kwa mkono wake unga wa kumpaka mtoto kwenye paji la uso. Basi kinu cha Mama Eeh kikatolewa kwenye uwanja wa nyuma ya jiko lake. Kijiji kizima kikazunguka. Sikudhani alikaa kwenye mkeka na mtoto, uso ameukunja.

"Bi Semeni," akasema, "mimi sitaki jina lenye mwenyewe. Mwanangu si ghala la mali za watu."

"Mwenyewe yuko wapi?" Bi Semeni akauliza. "Umemwona? Mimi simwoni. Twanga, mama."

Rundo la pumba lilikuwa hatua nne tu kutoka kinuni, na ndani yake Pimbi, kibao mapajani, kijiti mkononi, moyo mdomoni. Tena kuku mmoja alikuwa anaparuza juu yake akitafuta chenga.

Mama Eeh akainua mchi wake mpya, usio na sauti wala asili.

Tu!

Pimbi akagonga. Ng'oo!

Mama Eeh akaganda. Akatazama kinu. Akatazama watu. Watu wakatazamana.

"Panya," Bi Semeni akasema. "Twanga."

Tu!

Ng'oo!

Sauti hiyo mama hakuijua kwa sikio, aliijua kwa viganja. Mti ule aliushika miaka ishirini, uling'arishwa na jasho lake. Angeweza kuuliza inatoka wapi. Hakuuliza. Aliogopa akiuliza itanyamaza.

Tu! Ng'oo! Tu! Ng'oo! Tu! Ng'oo!

Nafasi ikajaa. Mikono ikapata mbio. Kiuno kikaanza kuyumba chenyewe. Kuku akamdonoa Pimbi sikio, dko! Pimbi akauma mdomo, akagonga kwa zamu yake. Dko! Ng'oo! Sikio likavuja damu, mdundo haukuvunjika.

Ndipo wimbo ukamtoka mama kinywani. Hakuuita. Ulitoka kama maziwa ya mama anayesikia mtoto akilia nyumba ya pili:

*Tu! Kinu kina njaa,*
*Ng'oo!*
*Tu! Nani kashika mchi?*
*Ng'oo!*
*Tu! Mmoja ni mimi mama,*
*Ng'oo!*
*Tu! Na wa pili nani?*

Na hapo kwenye wimbo pana jina. Ndivyo wimbo ulivyotungwa, haupiti bila hilo. Mama akafika pale, akaona shimo mbele yake, akafunga kinywa. Mchi ukabaki hewani. Pimbi naye hakugonga. Zamu ile haikuwa ya kibao.

Kimya. Hata mtoto mchanga alinyamaza.

Mama akaanza upya. Safari hii wanawake walijua wimbo unakokwenda, wakamshika mkono kwa sauti zao. Mmoja ni mimi mama! Na wa pili nani? Mama akafika pale pale, akatoa sauti nyuma ya meno: "Mm-mm-mm-mm." Mara nne, kama mtu anayebeba kitu kizito kwa hatua ndogo.

"Mama Eeh," Sikudhani akamwambia polepole, machozi yanamdondokea mtoto, "usinipe mimi. Mpe mwenyewe."

Nje ya lango mlinzi alikuwa anauliza, "Wewe nani?" Na mtu alikuwa amesimama hajibu.

Mama akainua mchi mara ya tatu. Kijiji kizima kikaimba naye sasa, wanaume, wazee, watoto, Bi Semeni na pengo lake, na kutoka mlimani Fisi, na Simba, na mke wa Pimbi kwa mdomo wake mkubwa wenye baraka. *Mmoja ni mimi mama! Ng'oo! Na wa pili nani?*

Mama akafumbua kinywa.

Ngojeni.

— Jina!

Ngojeni, nimesema. Nikishalitaja mtanyanyuka mwende kulala, na funzo nitalisema na mikeka. Kwanza niwamalizie ya mbele. Lango lilivutwa kabla mwangwi haujafika mlimani, na aliyekuwa nje alikimbia akamwangusha mlinzi. Mtoto wa Sikudhani alipewa jina jipya, halina alama ya kidole cha mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena Mama Eeh. Watoto wa Pimbi walilala fofofo, na Pimbi mwenyewe alilala siku tatu, mke wake akaanza kulalamikia kukoroma. Hakuna mume anayeshinda.

Na funzo ni hili, wanangu. Wimbo hauweki kitu ndani ya moyo wa mtu. Wimbo hubisha hodi tu, na anayetoka ni yule aliyekuwamo siku zote. Fisi alibisha mlango wa wafu, wakatoka wafu. Kanga alibisha mlango wa miguu, ikatoka miguu. Pimbi asiyejua kuimba alikaa kwanza akasikiliza, akajua mlango ni upi. Basi atakaye kumgusa mwenzake asianze kwa kuimba. Aanze kwa kusikiliza.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, mrambe vidole. Ikiwa chungu, temeni kando, si miguuni pangu.

— Jina! Jina!

Haya. Niimbieni basi, nami nijibu kama alivyojibu yeye, mchi juu, macho langoni, pumzi imetoka kwenye visigino.

— Mmoja ni mimi mama! Na wa pili nani?

"Mahelela!"